Kioo cha oveni ya mama, na historia ya stima iliyojificha ndani ya kapasita moja

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini wiki hii mambo ya nyumbani yamenishika. Niko Othaya, na badala ya kuandika programu nimeshinda siku mbili nikiwa nimepiga magoti nyuma ya jiko. Nimejifunza mengi huko nyuma, ndiyo maana nawaandikia. Hifadhidata itangoja.

Mama yangu huoka keki za kuuza. Si kazi ya kujifurahisha. Ada yangu ya chuo, nilipokuwa nasomea kompyuta, nusu yake ilitoka kwenye ile oveni. Ni jiko la kawaida ambalo wengi wenu mnalo: meko manne ya gesi juu, oveni ya stima chini, na katikati kioo kidogo chenye namba nyekundu zinazoonyesha saa. Alhamisi usiku stima ilipotea, kama kawaida ya msimu wa mvua huku kwetu. Iliporudi, zile namba zilikuwa hafifu kiasi kwamba ilibidi uzime taa za jikoni ndipo uzione. Zilikuwa zikipepesa 0.00. Oveni haikupata joto hata kidogo. Keki ya harusi ilikuwa inahitajika Jumamosi.

Fundi alikuja Ijumaa asubuhi. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema kioo kimekufa, bodi nzima ibadilishwe, shilingi 9,500, na itafutwe Nairobi. Kisha akauliza swali lililonichoma: "Mama, huwa unapangusa hapa na kitambaa chenye maji?" Mama akasema ndiyo. Fundi akasema basi ni maji yaliyoingia.

Fundi alipoondoka mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba, ni mimi nimeiharibu." Hapo ndipo nilipoamua kuifungua.

KWANZA, KWA NINI SAA IAMURU MOTO?

Hili ndilo swali nililojiuliza nikitafuta bisibisi. Meko ya gesi yalikuwa yanawaka vizuri. Koili ya oveni nilipoipima kwa mita ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni saa tu! Sasa saa ikifa, keki inahusika vipi?

Jibu ni kwamba ile si saa tu. Nyuma ya kioo kuna relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, na stima ya kwenda kwenye koili hupitia hapo. Programu iliyochomwa ndani ya chipu inasema hivi: stima ikipotea, sijui ni saa ngapi; nisipojua ni saa ngapi, sijui kama mwenye nyumba alitaka oveni iwake au izimwe; kwa hiyo siwashi kitu mpaka mtu aje anipe saa. Ukifikiria, ni wazo zuri. Hutaki oveni iwake yenyewe saa nane usiku stima inaporudi.

(Ushauri wa bure: kama oveni yako haipati joto baada ya stima kupotea na namba zinapepesa lakini zinang'aa vizuri, usimwite fundi bado. Weka saa, halafu tafuta kitufe chenye picha ya mkono au sufuria. Katika majiko mengine unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Huenda utaokoa pesa.)

Urafiki wa saa na stima ni wa zamani. Mwaka 1916 Mmarekani Henry Warren, aliyekuwa ametengeneza saa inayoendeshwa na mota ya umeme, aliweka saa yake katika kituo cha kuzalisha umeme cha Boston. Saa hiyo ilikuwa na mishale miwili, mmoja ukiendeshwa na pendulamu na mwingine ukiendeshwa na umeme wa kituo chenyewe. Mishale ikiachana, wafanyakazi walijua jenereta zinakwenda haraka au polepole, wakazirekebisha. Tangu hapo mtu aliweza kuchomeka saa ukutani nyumbani na ikaenda sawa, kwa sababu ilihesabu mizunguko ya umeme wenyewe. Majiko ya umeme ya Marekani na Ulaya yakapata saa za mishale za namna hiyo, zenye uwezo wa kuwasha na kuzima oveni.

Saa nyingi za oveni za leo bado zinahesabu vivyo hivyo. Hapa Kenya umeme wetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Chipu ikihesabu mizunguko 50, sekunde moja imepita. Mnataka ushahidi? Mwanzoni mwa mwaka 2018 saa za oveni katika nchi nyingi za Ulaya zilichelewa kwa karibu dakika sita. Hakuna aliyezigusa. Kulikuwa na mvutano kati ya Serbia na Kosovo kuhusu nani alipie umeme uliopungua, na kwa sababu gridi ya bara ile imeungana, mizunguko ilishuka kidogo sana chini ya 50 kwa wiki kadhaa. Siasa za Balkani zikasomeka jikoni kwa watu wa Ujerumani na Uholanzi! Likumbukeni hilo, kwa sababu baadaye nitasema kwamba oveni ya mama pia ilikuwa na historia ya umeme iliyoandikwa ndani yake.

ZILE NAMBA ZILITOKA WAPI?

Namba za vijiti saba mnazijua: 8 inatumia vijiti vyote, 1 inatumia viwili. Watu hudhani zilikuja na kikokotoo. La. Mwaka 1910 tayari zilikuwa zikitumika kwenye ubao wa ishara katika chumba cha tanuri la kituo cha umeme, zikiwashwa kwa balbu za kawaida. Kwa hiyo namba hizi zilianza kazi kando ya moto, na zaidi ya miaka mia moja baadaye bado ziko kando ya moto.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alitengeneza LED ya kwanza yenye mwanga mwekundu unaoonekana kwa macho. Mwaka 1967 kampuni ya Ise Electronics ya Japani ikatoa kioo cha vijiti saba cha aina nyingine, kidogo kama chupa ya utupu, ambamo waya mwembamba unaopashwa moto hurusha elektroni zinazoangaza unga maalumu. Mwanga wake ni wa kijani chenye ubuluu. Kwa hiyo ukiona namba nyekundu kwenye oveni yako, hizo huwa ni LED. Ukiona za kijani-buluu zenye kung'aa, kuna uwezekano mkubwa ni uzao wa kile kioo cha Kijapani. Mwaka 1971 ikaja Intel 4004, na mwaka 1974 Texas Instruments wakaanza kuuza TMS1000, chipu moja yenye kichakataji na kumbukumbu zake, kwa bei ambayo hata mtengenezaji wa vyombo vya jikoni angeimudu. Mishale ikaanza kuondoka, namba zikaingia.

Naeleza haya kwa sababu LED haifi kwa urahisi hivyo. Huchakaa polepole kwa miaka mingi. Na zile za mama zilikuwa zimefifia zote kwa pamoja, vijiti vyote, kwa kiwango kimoja. Kama maji yangeingia, ningetarajia kijiti kimoja kikatike, au namba moja iwake vibaya, au nione kutu. Zikififia zote sawasawa, shida huwa haiko kwenye namba. Shida iko kwenye chakula chao.

NDANI YA OVENI

Nilichomoa jiko ukutani (si kuzima swichi tu, nilichomoa!), nikafungua bamba la nyuma, nikatoa bodi. Hakukuwa na kutu. Hakukuwa na alama ya maji. Nilimwita mama aje aone kwa macho yake.

Halafu nikafanya jaribio la mwisho kabla ya kuigusa. Nilirudisha kila kitu, nikachomeka, nikazima taa, nikaweka saa. Nilipobonyeza kitufe cha mkono, relei ilisema "tik", namba zikazimika kabisa, kisha zikarudi zikipepesa 0.00. Nikarudia. Tik, giza, 0.00. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hii: mashine inayojiwasha upya bila kikomo. Bodi ilikuwa na nguvu ya kuwasha namba hafifu, lakini ikijaribu kuvuta relei pia, nguvu inaisha, chipu inazimika, inaanza upya. Njaa tupu.

Sasa, chipu na namba zinahitaji volti chache tu, na ukutani kuna 240. Njia ya heshima ya kuzipunguza ni transfoma. Lakini transfoma ina shaba na chuma, ni nzito, ina bei. Njia ya bei rahisi ni kuweka kapasita moja kwenye njia ya stima. Katika umeme unaogeuka-geuka, kapasita huzuia kiasi na kupitisha kiasi, bila kupata joto kama rezista. Kiasi kinachopita kinategemea ukubwa wake. Bodi ya mama ilikuwa na kapasita ya namna hiyo, kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa X2 na 0.47, yaani maikrofaradi 0.47. Kwa volti 240 na mizunguko 50, hesabu inatoa kama miliampea 35. Zinatosha.

Nilichomoa tena, nikaitoa, nikaipima. Mita ikasema 0.14.

Piga hesabu upya: 0.14 inapitisha kama miliampea 10 na nusu. Chini ya theluthi moja ya chakula chake. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Haikuvimba, haikuungua, haikuvuja. Ilikuwa imeliwa kutoka ndani.

KAPASITA INAYOJIPONYA

Hapa ndipo hadithi inanoga. Kapasita hii ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa metali nyembamba kupindukia, ukakunjwa kama mkeka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuwa ikitengeneza kapasita za namna hii kwa karatasi iliyopakwa metali, na baada ya vita plastiki ikachukua nafasi ya karatasi. Uzuri wake ni huu: stima ikija kwa kishindo na kutoboa utando, cheche inaunguza metali iliyozunguka tundu, tundu linabaki limezungukwa na eneo lisilopitisha umeme, na kapasita inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Inajiponya. Kwa kifaa kinachokaa moja kwa moja kwenye stima ya ukutani, hilo huzuia moto nyumbani.

Lakini kila uponyaji una bei yake. Kila tundu hupunguza metali kidogo, na metali ikipungua ukubwa wa kapasita unapungua. Kishindo kimoja huwezi kukiona kwenye mita. Vikiwa vingi mno utaviona. Kwa hiyo ile 0.14 ni hesabu: kila kishindo kilichoingia jikoni kwa mama tangu jiko linunuliwe kilichukua kipande chake na kuacha tundu. Hakuna daftari lingine la mambo hayo Othaya. Mimi mwenyewe sikumbuki ni mara ngapi stima ilipotea na kurudi mwaka jana. Kapasita inakumbuka.

Na vishindo hivyo vina sababu nyingi: radi, tawi lililoangukia nyaya, mota kubwa ya kinu cha posho inayowashwa na kuzimwa kwenye laini moja na nyumba zenu, na ule wakati stima inaporudi na kila friji ya kijiji inaamka kwa pamoja.

STIMA ILIVYOTUFIKIA

Tukisoma daftari hilo kwa kurudi nyuma, tunafika pwani. Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta mwaka 1875 kuangaza kasri lake. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee akaipata na kuipeleka Mombasa, na mwaka huohuo Nairobi nayo ikapata mtu wa kuileteleza umeme. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, iliyobadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Mwaka 1958 Kenya ilianza kupokea umeme kutoka Owen Falls, Uganda. Kisha zikaja zile stesheni za mto Tana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988.

Sasa tazameni ramani. Mto Gura unatoka Nyandarua, unapita huku kwetu, unaingia Sagana, na Sagana ndiyo inayokuwa Tana. Maji ya mlangoni petu yalikuwa yakiteremka kwenda kuzungusha mitambo, umeme ukaenda Nairobi, na nyumba nyingi za vijiji vya Othaya zikabaki na koroboi. Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini ulikwenda kwa mwendo wa kobe. Sensa ya 2009 ilikuta chini ya robo ya nyumba za Kenya zikitumia stima kwa mwanga. Ile ya 2019 ilikuta karibu nusu. Mabadiliko makubwa kwa miaka kumi! Nyumbani kwetu iliingia nikiwa darasa la tano, na nakumbuka nikiiwasha na kuizima taa mpaka nikafokewa.

Lakini laini iliyorefushwa haraka ili ifikie watu wengi haiwi imara kama ile ya mjini. Na gridi yetu ni moja. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika stesheni ya Gitaru, na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Agosti 2023 giza lilirudi tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Nayataja haya kwa sababu mhandisi aliyekaa mbali akichora bodi ya oveni, akichagua kapasita badala ya transfoma ili aokoe pesa kidogo, pengine alikuwa akifikiria stima tulivu ya mji wake. Hakufikiria kinu cha posho wala tumbili.

Nami kama mwandishi wa programu siwezi kumcheka. Ni mara ngapi nimeandika kodi nikidhani mtandao upo saa zote? Ile sheria ya "sijui saa, siwashi oveni" iliandikwa na mtu kama mimi. Ni sahihi kwenye karatasi. Lakini ilichukua kapasita moja iliyochoka na kuigeuza kuwa oveni mfu, huku koili ikiwa nzima na stima ikiwa ukutani.

MWISHO WA MAMBO

Ijumaa mchana nilipanda matatu hadi Nyeri mjini. Duka la kwanza hawakuwa nayo, la pili hawakuwa nayo, la tatu mzee mmoja anayetengeneza redio akaniuzia kwa shilingi 50. Jioni niliilehemu mahali pake. Nilipochomeka, namba ziliwaka nyekundu kama kaa la moto. Nikaweka saa, nikabonyeza kitufe cha mkono. Tik. Namba zikabaki. Baada ya dakika chache harufu ya oveni inayopata joto ikajaa jikoni. Keki ilikwenda harusini Jumamosi, na mama sasa anapangusa jiko lake kwa kitambaa anachotaka.

Kabla hamjakimbilia bisibisi, sikilizeni vizuri. Bodi isiyo na transfoma haijatenganishwa na stima ya ukutani hata kidogo. Hata sehemu yenye volti tano inaweza kukuua ikiwa imechomekwa. Chomoa plagi, subiri, na uhakikishe kwa mita kwamba kapasita haina chaji. Ukinunua, dai iliyoandikwa X2 yenye ukubwa uleule na volti 275 za AC au zaidi. Usikubali kapasita ya kawaida hata kama namba zinafanana, kwa sababu ya kawaida ikitoboka inaweza kushika moto. Zipo pia zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii ya kukaa kwenye njia ya stima, ukizipata ni bora zaidi. Na kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi wa redio, mwambie tu, "Nipimie hii kapasita." Sentensi hiyo ingemwokolea mama shilingi 9,450 na usiku mmoja wa kujilaumu.

Ile kapasita ya zamani sikuitupa. Iko hapa mezani kando ya tarakilishi. Kama una oveni, mikrowevu au mashine ya kufua ambayo namba zake zimefifia, niandikie hapo chini unieleze zinafanyaje, nami nitajaribu kusaidia. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nikijaliwa.

Kwaherini kwa sasa.